A2 wa Kapata

Baba yangu alikuwa na karatasi moja tu katika maisha yake yote ya kazi, na karatasi yenyewe haikusema kwamba yeye ni muuguzi. Ilisema ni msaidizi wa muuguzi, ikagongwa muhuri wa Union Minière du Haut-Katanga, na mama akaitunza ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Aliajiriwa akijua kusoma, kuandika na kuhesabu. Mengine alifundishiwa wodini: kuchemsha sindano, kufunga kidonda, kumpa mgonjwa vidonge vya kwinini na kusimama pale mpaka avimeze. Lakini huku Kapata, mtaa wa Kolwezi, katika nyumba za matofali za kampuni zilizopangwa mistari, hakuna aliyemwita msaidizi. Aliitwa munganga. Katika Kiswahili chetu cha Katanga neno hilo halibagui. Daktari ni munganga, muuguzi ni munganga, na hata kijana anayefagia zahanati akivaa koti jeupe siku mbili mfululizo, ataanza kuulizwa habari za tumbo.

Serikali ya Wabelgiji ilibagua. Tangu 1936 palikuwa na shule Léopoldville iliyofundisha wasaidizi wa madaktari, na hicho ndicho kilikuwa kilele cha mtu mweusi katika tiba. Dekrii ya tarehe 19 Machi 1952 juu ya sanaa ya kuponya ikaeleza nani anaruhusiwa kutibu na kwa cheti gani. Kisha ukaja uhuru, 30 Juni 1960, na siku hiyo hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyehitimu nchini. Madaktari wengi Wabelgiji wakaondoka wiki zilizofuata. Shirika la Afya Duniani liliwachukua makumi ya wale wasaidizi wa madaktari, likawapeleka Ufaransa wakamalizie udaktari. Wodi nyingi zikabaki mikononi mwa akina baba. Yeye alituhadithia kwamba Julai ile alizalisha usiku kucha, na asubuhi akatafuta mtu wa kutia sahihi daftari. Hakumpata. Akatia yake.

Baadaye tukaletewa herufi. Ubelgiji ilikuwa imezipanga shule zake za ufundi kwa A1, A2 na A3, nasi tukaurithi mpango huo kama tulivyorithi bia na fomu za nakala tatu. A3 alisoma muda mfupi. A2 alimaliza miaka miwili ya mwanzo ya sekondari, kisha minne ya uuguzi. A1 alipata kwanza diploma ya Serikali, akaongeza miaka mitatu ya chuo. Juu yao akaja kuwekwa A0, mwenye miaka mitano ya chuo. Wageni huchanganyikiwa: kwetu namba ikipungua, cheo kinapanda.

Mimi ni A2. Mei 1978 nilikuwa mwaka wa mwisho, niko kwenye mazoezi ya kazi. Tarehe 13 waasi wa FNLC wakaingia Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa miamvuli. Katika siku hizo niliwashona watu kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa kijana wa mtaani kwetu, na mkono ulinitetemeka hadi yeye ndiye akaniambia, “Dada, pole pole, siendi popote.” Wiki kadhaa baadaye nikaitwa mbele ya watahini, nikaulizwa koleo ya kushikia sindano inashikwaje. Nikaeleza, nikapita. Diploma yangu imeandikwa tarehe ya mtihani huo, kana kwamba kabla yake sikuwahi kumshona mtu.

Miaka ileile, mbali kaskazini huko Kasongo, Maniema, Wabelgiji wa taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Antwerp walikuwa na jaribio lao. Kituo cha afya walimwachia muuguzi, wakampa maelekezo ya maandishi, na daktari akawa anapita kumsimamia. Mawazo ya namna hiyo yaliingia katika kanda za afya zilipoundwa nchi nzima miaka ya themanini. Tukapewa ordinogramu, zile karatasi zenye mishale: mtoto ana homa, ndiyo au hapana, shingo imekakamaa, ndiyo au hapana, mshale wa mwisho unakupeleka kwenye dawa au hospitali. Mkuu wa kituo akaitwa infirmier titulaire, IT kwa kifupi. IT humsikiliza mgonjwa, hutaja ugonjwa, huandika dawa, hupasua jipu, huzalisha, hugawa chanjo, kisha jioni huhesabu fedha.

Nilipata kusoma kwamba mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari Henry Silver walianza kuwafundisha wauguzi kupima na kutibu watoto, na Wamarekani wakaitungia kazi hiyo cheo, baadaye mitihani na leseni. Nilicheka peke yangu. Kazi hiyo sisi tulikuwa nayo tangu enzi ya baba. Kilichokosekana ni mtu wa kuiandika. Ngazi yetu imepimwa siku zote kwa miaka ya kukaa darasani, na hakuna kipandio hata kimoja kilichosema: huyu anaruhusiwa kupokea wagonjwa na kuwaandikia dawa peke yake, na tumemjaribu katika hilo.

Miaka ya tisini ilivunja vingi. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, na Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, nayo ikaanza kuporomoka. Mwaka 1993 wenzetu wa asili ya Kasai walifukuzwa Kolwezi, wakaondoka kwa treni na mabunda yao, miongoni mwao wauguzi na walimu niliokuwa nikila nao mchana. Mwaka 2003 ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines wakatoka. Nilikuwa mmoja wao. Nikaingia kituo cha afya, nikawa IT. Kipindi hichohicho shule za uuguzi za watu binafsi zilikuwa zinachipuka kama uyoga wa Desemba, nyingine zikiwa na mwanasesere mmoja wa mazoezi, hana mkono.

Hivyo sikushangaa viwango vilipokazwa. A3 alikuwa ameachwa zamani, na nafasi za ukuu sasa zilitakiwa zishikwe na A1. Ofisi moja, nisiyoitaja, iliniandikia kwamba diploma yangu haitoshi, na kwamba anakuja kijana wa kushika nafasi yangu. Alikuja na koti lililopigwa pasi. Siku ya nne alinifuata nyuma ya kituo, nilikokuwa naanika glavu: “Mama, kuna mtoto anapumua vibaya. Njoo tuangalie.” Tukaangalia. Mbavu zilikuwa zinazama. Nikamwambia asiandike chochote, atafute pikipiki kwanza.

Ningeishia hapo, hadithi ingenipendeza mno. Lakini mwezi huohuo kijana huyo alinikuta natundika chupa ya kwinini kwa mtoto mwenye malaria kali, akaniambia kwa adabu kwamba Shirika la Afya Duniani limekwisha kupendekeza artesunati ya sindano, kwa kuwa inaokoa watoto wengi zaidi. Sikuwa najua. Tangu 1978 hakuna aliyenitahini tena, na mimi sikuomba kutahiniwa. Ndiyo maana siungani na wenzangu wazee wanaosema karatasi ni maneno ya wazungu. Karatasi ya baba ilikuwa chini ya kazi yake. Yangu ilikuwa imezeeka kuliko mimi.

Sheria namba 16/015 ya 15 Julai 2016 iliunda Oda ya Wauguzi, na kwayo anayetaka kufanya kazi hii sharti aandikishwe. Madaktari walikuwa na Oda yao tangu 1968, kwa hiyo hesabu mwenyewe tumengoja miaka mingapi. Kisha tangu mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vikaingia mfumo wa LMD, yaani licence, maîtrise na doctorat, na lile gradua la miaka mitatu lililomzaa A1 likaanza kufutwa. Sasa miaka mitatu inakupa licence. Zamani licence ilikuwa ya miaka mitano, yaani A0. Mpwa wangu anayesomea uuguzi atakuwa licencié kwa miaka ile ile ambayo kaka yake alipewa gradua tu, na nyumbani wameshaanza kugombana. Nami huwakumbusha kwamba kwa Kifaransa neno hilohilo ni la mtu aliyeachishwa kazi, na Kapata wa namna hiyo tunao wa kutosha.

Oda ikinisikia, nina ombi. Mwandikisheni A2 kwa namba, vizuri, lakini kila baada ya miaka michache mleteni mtahini hapa kituoni, akae asubuhi moja, amtazame akimpima mtoto. Wagonjwa hawatakosekana. Akina mama wanaoosha madini kwenye Ziwa Malo huja na watoto mgongoni, kikohozi kifuani, nguo bado zimelowa.

Kituo hufunguliwa saa moja na nusu. Yule kijana wa A1 alishahamia kliniki ya kampuni moja ya migodi, na mwenye ufunguo leo ni A2, mama wa watoto wanne, niliyemfundisha mwenyewe. Jumatatu hii aliwakuta watu ishirini na wawili mlangoni.