Nyongeza ya vitamini B

Nyongeza ya vitamini B ni utoaji wa vitamini za kundi hilo, kwa vidonge au chakula kilichorutubishwa, ili kuzuia au kutibu upungufu. Vitamini hizo nane huyeyuka katika maji, na mwili huweka akiba ndogo, isipokuwa ya B12, inayodumu kwenye ini kwa miaka. Upungufu wa B1 husababisha beriberi. Wa niasini (B3), pelagra, hasa kwa wanaotegemea mahindi matupu. Wa foleti (B9) au B12, upungufu wa damu. Foleti ikikosekana mwanzoni mwa ujauzito, mtoto anaweza kuzaliwa na mgongo wazi.

Ushahidi mzito wa Tanzania ulitoka Dar es Salaam, katika utafiti wa chuo cha tiba cha Muhimbili na Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1995 kwa wajawazito 1,075 wenye VVU. Vitamini B zikichanganywa na C na E zilipunguza vifo vya watoto tumboni kwa asilimia 39, na baadaye zikaonekana kuchelewesha UKIMWI. Wakati huo dawa za kupunguza makali ya VVU (ARV) zilikuwa adimu. Kwa wagonjwa waliokwisha kuanza ARV, matokeo ya 2012 ya utafiti mwingine hayakuonyesha faida ya dozi kubwa kuliko ya kawaida, na vimeng'enya vya ini vilipanda.

Kwa upande wa chakula, kanuni za Tanzania za 2011 ziliagiza viwanda kuongeza asidi ya foliki (aina ya foleti) na B12 kwenye unga wa ngano na mahindi. Mashine ndogo za kusaga, zinazotegemewa pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kama Kimbiji, nyingi hazina vifaa vya kuchanganyia virutubisho.