Kibera, Kawangware na Mafuta ya Turkana

Mnamo mwaka 1904, serikali ya kikoloni ilipowaruhusu askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles kufanya maskani katika msitu uliopakana na Nairobi, ambao wao kwa lugha yao waliuita Kibra, ndiyo Kibera ya leo, iliwapa mahali pa kujenga na kulima pasipo hati. Na ijapokuwa mwaka 1918 ekari zaidi ya 4,000 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya kijeshi, wazee wale waliomwaga damu yao katika vita vya dola waliendelea kuhesabiwa kuwa wakaazi kwa hisani ya mfalme.

Kawangware, katika Dagoretti, ilikuwa na kisa kingine. Mashamba yake yalikuwa ya koo za Wakikuyu zilizojulikana kwa majina, na mji ulipopanua mipaka yake katika miaka ya 1960 ukaimeza Dagoretti, wenye ardhi walijenga vyumba vya mabati vya kupangisha, kodi ikawa yao na ya warithi wao. Ufukara upo kote kuwili. Lakini mpango wa maendeleo ulipokuja Kawangware ulimkuta mwenye ardhi, na ulipokuja Kibera ulikata ardhi kipande baada ya kipande, hata mwaka 2017, Wanubi walipokabidhiwa hati, zilikuwa zimesalia ekari 288.

Nayakumbuka hayo kila ninapotafakari Turkana, kaskazini mwa Kenya. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zitiwe penye ardhi yenye rutuba, mvua na barabara, ili faida iwe kubwa; na kwa kipimo hicho wafugaji wa kaskazini waliachwa nyuma, mpaka Machi 2012, mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar, jangwa lile lile likawa tegemeo la mipango ya taifa. Juni 2018 malori yalianza kuyabeba mafuta kwenda Mombasa, na mwezi huo huo wenyeji wakayazuia njiani, wakidai usalama na stahiki yao. Kisha sheria ya mwaka 2019 ikaigawia kaunti asilimia 20 ya fungu la serikali ya taifa katika mapato ya mafuta, na jamii za huko asilimia 5.

Fungu hilo ni jema, lakini lililogawanywa na Bunge laweza kupunguzwa na Bunge, ilhali ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hubaki katika dhamana ya serikali ya kaunti. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imefungua njia ya kuisajili. Basi insafu yataka kwamba malisho na visima vya Waturkana viandikwe kwa jina lao kabla ya bomba la mafuta kulazwa, wasije wajukuu wao wakangoja karne nzima, kama walivyongoja wa Kibra, kukabidhiwa masalio.