Ujira na Usalama wa Wachumaji wa Karafuu Matombo: Mtazamo wa Kihistoria

Historia ya kazi Matombo haitenganishwi na suala la ujira. Kupitia Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, ulioanza mwaka 1950, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi milimani bila malipo. Julai 1955 upinzani uligeuka ghasia Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa, na hatimaye mpango ukaachwa.

Leo miteremko hiyohiyo ina mikarafuu, na kazi hulipwa. Hata hivyo, kwa kawaida mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichochuma, si kwa siku. Kwa kuwa karafuu huota kwenye ncha za matawi na sharti zichumwe kabla hazijachanua, malipo ya namna hii humsukuma apande juu zaidi na kwa haraka zaidi.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imejengwa juu ya mwajiri anayechangia Mfuko. Kibarua wa msimu aliyepatana kwa mdomo na mwenye mti, akianguka, kwa vitendo huuguzwa na ukoo wake. Zanzibar, ambako karafuu hununuliwa na shirika la umma, ZSTC, wachumaji walioanguka wamewahi kulipwa fidia. Kwa hiyo, inawezekana mnunuzi naye kubeba sehemu ya gharama ya hatari. Matombo, kazi ya shuruti ilikoma. Gharama hiyo ingali juu ya anayepanda mti.