Kukarabati nyumba ya udongo mkiwa mume na mke: mambo ya kufanya kabla ya mvua

Kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Rwamwanja na Kyaka II nchini Uganda, na katika vijiji vya wenyeji vinavyoyazunguka, mvua huja mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi kuelekea Desemba. Katikati yake, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya kukarabati nyumba. Udongo hukauka vizuri na baada ya mavuno huwa kuna pesa kidogo mkononi. Makala haya ni kwa ajili yenu ninyi wawili ambao hamna uwezo wa kumlipa fundi kila kitu, na mmeamua kuifanya kazi wenyewe.

Nyumba ya udongo ikitunzwa hudumu miaka mingi. Kinachoiangusha ni maji, na maji huipiga juu kwenye paa na chini kwenye msingi. Hata hivyo wengi wetu huanzia katikati, ukutani, kwa sababu ndiko mgeni anakotazama. Niliwahi kutembelea familia moja iliyouza maharage yake ikanunua saruji na kupiga lipu ukuta wa mbele wa nyumba ya udongo. Ilipendeza kweli. Msimu mmoja wa mvua ulipopita, lipu ilibanduka kwa vipande vikubwa kama ganda la yai, na udongo wa nyuma yake ulikuwa umelowa. Saruji haishikani vizuri na udongo, tena huzuia unyevu usitoke ukutani. Mke alisema tangu mwanzo alitaka bati lililotoboka libadilishwe kwanza. Hakuulizwa.

Kaeni kwanza, mhesabu

Kabla ya kushika jembe, izungukeni nyumba pamoja mchana, ndani na nje, na kila mmoja aseme anachokijua. Anayepika anajua maji yanaingilia wapi jikoni. Anayelala upande wa ukuta anajua unyevu unaanzia wapi. Andikeni kwenye daftari la watoto, kisha mpange: kipi kinahatarisha maisha, kipi kinaingiza maji, kipi ni cha kupendezesha tu. Fuateni mpangilio huo hata pesa ikiishia njiani.

Hesabuni pesa iliyopo, si ile ya mavuno yajayo. Kama familia inapokea msaada wa pesa za chakula, mmoja asizichukue kununulia mabati bila mwenzake kukubali. Ugomvi wa namna hiyo hauishii kwenye mabati.

Hesabuni na maji. Udongo wa kukandika unakunywa maji mengi: ya kuchanganyia, ya kukanyagia, ya kulowesha ukuta. Hata nyumba ya vyumba viwili tu humaliza jerikeni nyingi za lita 20, mbali na maji ya kunywa na kupikia. Mara nyingi anayeyabeba ni mke na mabinti. Basi mume akisema kazi yake ni kukandika, ajue kazi ya mkewe ilianza alfajiri bombani. Wawili wakigawana vizuri, mwenye baiskeli huleta maji jioni ya siku iliyotangulia, na asubuhi wote huingia kwenye udongo. Si lazima yawe maji safi ya bomba. Ya bwawani au yaliyofulia nguo yanafaa. Mama mjamzito asibebe jerikeni wala ndoo za udongo; achekeche udongo au asimamie mchanganyiko.

Ufa upi ni wa hatari?

Nyufa nyembamba kama uzi juu ya lipu ya udongo si tatizo kubwa, zitafunikwa mtakapokandika. Uangalieni sana ufa unaopita ukuta mzima mpaka unaona mwanga, au unaoanzia pembe ya dirisha na kushuka kwa mshazari. Chukueni mkaa, mwekee ufa alama kwenye ncha zake mbili na kuandika tarehe. Baada ya wiki mbili au tatu, kama ufa umepita alama, ukuta bado unasogea. Msiufunike. Ukuta unaoinama, au uliotengana na mwenzake kwenye kona, ni kazi ya fundi, na watoto wasilale upande huo hata kama mvua haijaanza. Mzee anayeishi peke yake, mtu mwenye ulemavu au mgonjwa wa muda mrefu asiye na msaidizi anaweza kuomba msaada wa nyumba kama mtu mwenye mahitaji maalum. Aanzie kwa mwenyekiti wa wakimbizi wa kijiji chake.

Chini na juu

Kazi ya msingi haihitaji pesa. Chimbeni mtaro kiasi cha mita moja kutoka ukutani, upande ambao maji ya mlimani hutokea, uyapeleke mbali na nyumba yenu. Msiyaelekeze kwa jirani. Mitaro huweza kuzua kesi. Kisha jazeni udongo kwenye mguu wa ukuta, mshindilie ili uteremke kwenda nje, maji yasituame. Mkipata mawe, yapangeni hapo kama baraza ndogo. Yatapokea matone yanayoruka kutoka chini, na hayo ndiyo hula ukuta taratibu. Mkiona vichuguu vya mchwa vinapanda ukutani, vikwangueni na kufuata vinakotokea kabla havijafika kwenye kenchi.

Kwenye paa, kumbukeni kwamba namba ya bati ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jepesi kuliko 30, na 30 ni jepesi kuliko 28. Bei nafuu ina sababu yake. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa bati, siyo bondeni ambako maji hupita, na uwe na mpira wake. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15 hadi 20. Paa likitoka nje ya ukuta sentimita 50 au zaidi, ukuta hupona. Fungeni kenchi kwenye nguzo au ukuta kwa waya, kwa maana upepo unaotangulia mvua huchukua paa zima. Mmoja akipanda, mwingine ashike ngazi mpaka ateremke. Msipande bati likiwa limelowa.

Kukandika

Hapa ndipo watu hukosea, maana udongo wa kila kijiji una tabia yake. Anzeni kwa kuupima. Ondoeni tabaka la juu lenye mizizi na mbolea, mchukue wa chini yake. Lowesheni kidogo, fanyeni mkate mrefu wa unene wa kidole gumba, uusukume polepole ukingoni mwa meza hadi ukatike. Kipande kikikatika kabla ya sentimita 5, udongo una mchanga mwingi na hautashika. Kikizidi 15, una ufinyanzi mwingi, utapasuka ukikauka, kwa hiyo uongezeeni mchanga. Katikati ya hapo ni udongo mzuri.

Njia ya pili ni chupa ya plastiki ya wazi: jazeni udongo nusu, ongezeni maji na chumvi kidogo, mtikise sana, muiache itulie hadi kesho. Mchanga hukaa chini, ufinyanzi juu. Watoto wanaipenda kazi hii, waachieni.

Kisha chekecheni udongo, changanyeni na nyasi kavu zilizokatwa fupi, ongezeni kinyesi cha ng'ombe kama mnakipata, kanyageni na kuufunika siku kadhaa ulainike. Msipake ukuta mzima mara moja. Tengenezeni michanganyiko mitatu yenye vipimo tofauti vya mchanga, pakeni kila mmoja kipande cha kama mguu mmoja kwa mguu mmoja, msubiri vikauke. Kisichopasuka wala kumung'unyika ukikipangusa kwa kiganja ndicho cha kutumia. Subira hiyo ya siku chache huokoa kazi ya wiki nzima.

Siku ya kazi, kwangueni lipu iliyolegea, lowesheni ukuta, mpake kwa nguvu tabaka la sentimita moja au mbili. Mmoja arushe na kukandamiza, mwingine afuate nyuma kusawazisha kwa mwiko au ubao. Mkichoka badilishaneni, hakuna sheria inayosema mwiko ni wa mwanaume. Tabaka la pili liwe jembamba, na lije la kwanza likishakauka. Mwenye kidonda mkononi avae mfuko wa plastiki, kwani udongo na kinyesi huweza kubeba pepopunda. Nawani kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto.

Shimo mlilochimba udongo

Shimo la udongo likijaa maji huzamisha watoto na kuzalisha mbu. Lichimbeni mbali na njia na choo, lisiwe na kina kirefu, na likibaki wazi lizungushieni miiba siku hiyo hiyo. Kazi ikiisha lijazeni takataka za shambani na udongo, mpande migomba. Kabla ya kukata nyasi, fito au nguzo nje ya kiwanja chenu, ongeeni na mwenye eneo au mwenyekiti wa kijiji cha wenyeji. Kwa matofali mapya, ya kukausha kwa jua hayali kuni. Ya kuchoma hula miti ambayo familia za pande zote mbili zinaitegemea kupikia.

Kiwanja ni cha nani?

Kwa Kanuni za Wakimbizi za Uganda za mwaka 2010, mkimbizi aliyepewa ardhi kwenye makazi ana haki ya kuitumia, lakini hawezi kuiuza wala kuikodisha. Kwa hiyo kabla ya kuweka pesa nyingi ukutani, hakikisheni majina yenu wote wawili na ya watoto yapo kwenye hati ya familia. Kama mnataka kuongeza chumba au kusogea kuelekea mpaka, muulizeni kwanza mwenyekiti, naye atawaelekeza kwa ofisi ya kamanda wa makazi. Wekeni risiti za mabati na misumari mahali ambapo kila mmoja wenu anaweza kuzifikia.

Mvua ya kwanza ikianza, bila radi, mmoja atoke nje na jembe, mwingine abaki ndani na taa. Wa nje aangalie maji yanaelekea wapi na kuunyoosha mtaro papo hapo, wakati udongo ni laini. Wa ndani aweke alama ya mkaa kila mahali tone linapoangukia, mpate kulifuata juu paa likikauka.