Sayo si jina la mtu

Kwetu Bule mtoto akiacha chakula, nyanya alimwambia: "Wewe haujaona Sayo!" Neno hilo alilipata kwa baba mkwe wake, muzee aliyemzaa babu yangu, askari wa wakati wa Wabelgiji. Jamaa ilijua tu kwamba "alipigana na Wadachi mbali sana". Buku yake ya askari iliungua pamoja na nyumba katika vita ya Djugu. Sisi watoto tulifikiri Sayo ni mchawi fulani.

Halafu nikafika Kinshasa, nikasoma kibao: avenue Saio. Mji huohuo una avenue Asosa na avenue Gambela. Kumbe ni majina ya miji ya Abisinia!

Mwezi wa tano 1940 Ujerumani iliishinda Ubelgiji, lakini Kongo ilibaki vitani upande wa Uingereza. Askari wa Force Publique wakapitishwa Sudani kwenda kupigana na Waitalia. Asosa ilianguka tarehe 11/3/1941, Gambela mwezi huohuo. Saio, ambayo leo inaitwa Dembidolo, ndiyo iliyowatesa: mlima, mvua, chakula kidogo, ugonjwa wa beriberi. Tarehe 3/7/1941 jenerali Gazzera alijitoa mikononi mwa jenerali Gilliaert, pamoja na majenerali wenzake 8.

Kwa hiyo muzee hakupigana na Wadachi. Hao walipigwa na askari wa kizazi cha mbele yake, walioingia Tabora tarehe 19/9/1916. Jamaa ilichanganya vita mbili. Jina la mahali ndilo lilizitenganisha.

Majina ya majenerali yameandikwa. Ya askari wetu je? Karatasi nyingi za Force Publique ziko Brussels, lakini kumtafuta mtu humo bila jina lake la kijeshi wala nambari yake ni kazi ngumu. Hapa kwetu, archive iliyobaki ni vinywa vya wazee, na wengi wao leo wanalala chini ya mahema.

Basi ukikaa na muzee wako, usimuulize tu "ilikuwa vita gani?" Uliza: alitaja mahali gani? Walikula nini? Nani wa kijiji alienda naye, na nani hakurudi? Andika sawa vile anavyotamka, hata kama neno halina maana kwako. Sisi neno moja la chakula lilitufikisha Abisinia.