Karao Anayepiga Hodi

Chini ya kitanda cha anti yangu, pale Jericho, kulikuwa na sanduku la chuma la bluu, lile ambalo watoto huendea nalo bodi. Halikuwa na nguo. Lilikuwa na vitabu, vingi bila jalada la nyuma, vingine vikiwa na mihuri ya maktaba za Uingereza na bei ya penisi imeandikwa kwa kalamu. Nusu vilikuwa vya madaktari: mwanamume wa koti jeupe, stethoskopu shingoni, nesi akimtazama kana kwamba ameona stima zikirudi. Nusu nyingine ilikuwa ya mapolisi, na hapo mwanamke alikuwa amesimama nyuma ya bega la jamaa mwenye bastola.

Nilivianza nikiwa darasa la sita, kwa siri, halafu siri ikaisha kwa sababu anti alianza kuniuliza nimefika wapi.

Ukisoma vitano umejua njia. Msichana ameona jambo ambalo hakupaswa kuliona. Mtu anataka kumuua. Polisi mkimya, aliyeachwa na mke au aliyefiwa, anapewa kazi ya kumlinda. Ama anafikishwa hospitali usiku akivuja damu, na daktari aliyekuwa akivua koti aende nyumbani analivaa tena. Wanagombana hadi katikati ya kitabu. Muuaji anapatikana karibu na mwisho na kurasa zinazobaki ni za harusi. Unajua haya yote kabla hujafungua, na bado unafungua. Anti alikuwa na kimoja alichokisoma mpaka uzi ukakatika, akakishona kwa sindano ya blanketi.

Nilipokuwa chuo, kabla sijaachana nacho, vitabu hivi vilitajwa darasani mara moja tu, kwa kicheko. Nami nilicheka. Nimekuja kufikiri kwamba tulicheka kabla ya kuuliza swali la msingi: kwa nini mtu wa Eastlands, hasa mwanamke wa Eastlands, atake kusoma juu ya daktari na polisi wakati wa kupumzika? Hawa ndio watu wawili ambao maisha yake yote amewangoja kwenye foleni au amewakimbia.

Tuanze na daktari. Kampuni ya Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na Gerald Mills na Charles Boon. Hadithi za hospitali zilishika kasi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mmoja wa walioziongoza alikuwa Lucilla Andrews, aliyekuwa nesi hospitali ya St Thomas' London wakati wa vita. Riwaya yake ya kwanza, The Print Petticoat, ilitoka 1954. Kule Kanada, kampuni ya Harlequin, iliyoanza Winnipeg mwaka 1949, ilikuwa ikichapisha upya vitabu vya kila aina, hadi ilipogundua kwamba hizi za madaktari na manesi zinauzika. Mwaka 1957 ikatoa ya kwanza kutoka Mills & Boon. Jina lake? The Hospital in Buwambo, ya Anne Vinton. Yaani biashara yote ile kubwa ya mapenzi ya bei rahisi upande wa Amerika ilifunguliwa mlango na hospitali iliyopewa jina la Kiafrika. Harlequin ilikuja kuinunua Mills & Boon yenyewe mwaka 1971, na mwaka 1984 ikaanzisha Intrigue, mfululizo ambao mapenzi na hatari vinatembea bega kwa bega. Sanduku la anti lilikuwa na Intrigue tele.

Sasa rudi kwa ule mwaka 1954, lakini ukiwa Nairobi. Mwezi Aprili serikali ya kikoloni ilifanya Operesheni Anvil. Askari waliuzingira mji, wakaingia mitaa ya Waafrika, na Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori hadi Langata kuchujwa, wengi wakaishia kizuizini. Mwaka huo huo hospitali ya Wazungu, ile tunayoiita leo Nairobi Hospital, ikafunguliwa. Mwafrika alikuwa na yake, King George VI, ambayo leo ni Kenyatta, na mama mjamzito wa Eastlands alikuwa na Pumwani, iliyoanza 1926. Kwa hiyo wakati nesi wa kitabuni anaanza kupendwa na daktari wake huko London, karao halisi wa Nairobi alikuwa anavunja mlango huku mitaani akitafuta kipande.

Hata kitabu chenyewe cha kusoma kilikuwa na foleni yake. Maktaba ya McMillan pale katikati ya mji ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Baadaye Eastlands ikapata matawi mawili, Kaloleni na Makadara, ambayo miaka ya karibuni yamekarabatiwa na shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017 na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka. Ukipita Kaloleni ingia, hata kama huna la kusoma. Lakini sanduku la anti halikujazwa na maktaba. Lilijazwa na inama: yale maduka ya vitabu yasiyo na meza wala paa, kitabu kiko chini kwenye gunia, nawe unainama. Alinunua vitatu kwa soo akitoka tao, akateremka na mathree hadi Jogoo Road akiwa tayari kwenye sura ya pili.

Kitabu kinachonionyesha vizuri zaidi hospitali na mji wa miaka ile ni cha Marjorie Oludhe Macgoye, Coming to Birth, kilichotoka 1986. Paulina, msichana wa miaka 16, anashuka treni Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa na mimba ambayo haidumu. Anapelekwa hospitali. Akiruhusiwa kutoka, anapotea njia ya kurudi nyumbani, kwa mji usiomjua wala yeye kuujua, na akifika hatimaye mume anampiga kwa kuchelewa. Hakuna daktari wa kumtazama machoni. Ni kitabu kikubwa kuliko vyote vya lile sanduku, na nilipompa anti alisoma kurasa thelathini akanirudishia. Alisema hayo anayajua.

Jibu lile lilinikera wakati huo. Nilidhani ni uvivu.

Halafu kuna jambo lililotokea wakati Wakenya wenyewe walipoanza kuandika vitabu vya mapenzi na mashaka, na hapa ndipo historia inanoga. David Maillu alianzisha kampuni yake ya Comb Books mwanzoni mwa miaka ya 1970, akauza After 4:30 na My Dear Bottle kama njugu, Tanzania ikavipiga marufuku. Heinemann hapa Nairobi ikaona pesa zinapita, ikaanzisha Spear Books mwaka 1975: vitabu vyembamba, majalada yenye rangi, majambazi, warembo, magari. Macmillan nao wakaleta Pacesetters, na ndani yake Maillu akatuletea Benni Kamba, jasusi nambari 009, katika The Equatorial Assignment ya 1980. Kila kitu cha sanduku la anti kilikuwepo. Isipokuwa kimoja: ule mtu wa kupendwa alibadilika. Karao wa kawaida, yule wa kituo cha mtaani, hakupata nafasi ya mchumba.

Nani aliipata? John Kiriamiti. Alishikwa mwanzoni mwa 1971, akahukumiwa miaka 20 kwa wizi wa mabavu, akaandika My Life in Crime akiwa Gereza la Naivasha. Kitabu kikatoka Spear Books mwaka 1984, mwaka ule ule alioachiliwa. Sijui kijana wa Eastlands wa rika langu ambaye hakukisoma au hakusimuliwa na aliyekisoma. Halafu 1989 akatoa My Life with a Criminal: Milly's Story, hadithi ile ile kwa sauti ya mwanamke aliyempenda jambazi bila kujua ni jambazi. Ukitaka riwaya ya mapenzi na mashaka iliyozaliwa hapa kwetu, ni hiyo. Hatari ipo, mapenzi yapo, kujificha kupo. Ila polisi ndiye anayefukuza, na msomaji anaomba mpenzi asikamatwe. Huko Harlequin mwanamke analindwa na bunduki ya serikali. Huku Milly anaogopa ndiyo hiyo itakayompata mtu wake.

Sidhani ni tabia ya ukorofi, kwamba sisi tunapenda wezi. Vuka mpaka uone. Tanzania, Faraji Katalambulla alimpa Inspekta Wingo kazi ya kumsaka muuaji katika Simu ya Kifo, 1965, na msomaji alikuwa upande wa Inspekta toka mwanzo hadi mwisho. Elvis Musiba akaja na Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974, mpelelezi wa serikali, mtanashati, warembo wanamfuata, na katika harakati zake anafika hadi Nairobi hii hii. Dola lililokuwa likijenga ujamaa na kusaidia ukombozi wa kusini lilikuwa na uwezo wa kutoa shujaa mwenye kitambulisho cha kazi, na watu wakampenda. Sisi afisa wetu wa polisi aliyependwa na nchi nzima ni Inspekta Mwala wa runinga, na anapendwa kwa sababu anachekesha.

Daktari alipata bahati zaidi kidogo. Yusuf Dawood, daktari mpasuaji wa Nairobi, aliandika riwaya, mojawapo No Strings Attached ya 1978, na kwa miaka mingi safu yake ya Surgeon's Diary kwenye Sunday Nation ilisomwa hata na watu wasiosoma kitu kingine kwenye gazeti. Anti aliikata na kuiweka sandukuni, iliyokunjwa kati ya wale Waingereza. Wagonjwa wa safu ile walikuwa na siri, wake wawili, urithi, aibu. Na daktari alikuwa na muda wa kusikiliza yote. Muda ndio ulionivutia nilipozirudia. Mwaka ambapo madaktari wa umma waligoma siku 100, kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, nilizisoma tena zote. Sikuwa nawalaumu waliogoma. Walikuwa wanadai mkataba uliotiwa saini. Nilitaka tu kusoma chumba chenye daktari ndani.

Anti mwenyewe alifanya kazi ya usiku katika kliniki moja ya mtaa. Hakuwa nesi. Alisafisha, alibeba, alishika mikono ya watu. Alijua kwamba usiku mwingi daktari hayupo, yuko kliniki nyingine akitafuta nyongeza ya mshahara. Na bado kwenye meza ya mapokezi, chini ya rejista, kulikuwa na kitabu cha daktari.

Nilimuuliza siku moja tu, na siku yenyewe ilikuwa mbaya. Binamu yangu, mtoto wake wa pili, alikuwa amechukuliwa na makarao kwenye base, yeye na wenzake wanne, bila kosa lililotajwa. Miaka ile kijana kuchukuliwa Eastlands halikuwa jambo la kulala ukangoja asubuhi. Kulikuwa na kurasa za Facebook zilizotaja vijana kwa jina kabla hawajapatikana wamekufa. Tulizunguka vituo vitatu usiku kucha, kila mahali tunaambiwa hayupo kwenye kitabu. Kitabu chao, rejista ya waliokamatwa, OB. Saa kumi na mbili asubuhi akarudi kwa miguu, bila viatu, bila simu, uso umevimba upande mmoja. Wawili kati ya wale wanne walirudi mchana.

Jioni ile nilimkuta anti amekaa kwenye stuli nje ya nyumba, mtoto amelala ndani, naye anasoma. Nikaangalia jalada. Polisi. Nikashikwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka.

"Anti, kweli? Leo? Unasoma karao leo?"

Hakuinua macho mara moja. Alimaliza ukurasa kwanza.

"We mtoto, unadhani nasoma karao?" akasema. "Huyu dada amepiga simu. Wamemuuliza jina, wamemuuliza yuko wapi. Sasa wanakuja." Akalamba kidole, akafungua ukurasa uliofuata. "Nataka nione wakifika."

Nilikaa chini kando yake. Giza lilikuwa linaingia, akanipa simu yangu mwenyewe nimmulikie. Nilimmulikia hadi wakafika. Walipiga hodi, na yule inspekta alisimama nje ya mlango akasubiri afunguliwe.