Sikilidi wa Magambani: Kutoka Tanganyika Hadi Matangi ya Kioo

Kwenye soko la Kigoma, kuhe hahitaji kutambulishwa. Ni samaki wa kulisha nyumba nzima, anaweza kufika sentimita 80, na wataalamu humweka miongoni mwa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani, ule ukoo wa sato, perege na furu. Ziwa hilohilo linamlea ndugu yake aliye mdogo kupita kiasi, Neolamprologus multifasciatus, ambaye dume aliyekomaa ana sentimita 4 na ushei, na jike hafiki hapo. Hakuna mvuvi anayemtegea nyavu, wala hafai kwa kitoweo. Hata hivyo, Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wanaomfuga sebuleni kizazi baada ya kizazi, wakijua tabia zake kuliko sisi tunaoishi kando ya maji yake. Habari ya namna alivyofika huko inaanza na konokono.

Februari 1858, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Ujiji, kando ya ziwa. Speke aliokota magamba ya konokono wa ziwani, na mwaka uliofuata Samuel Woodward akayaeleza mbele ya wanasayansi wa London. Mwaka 1880 mtaalamu wa konokono Edgar Smith alimpa jina konokono mkubwa wa Tanganyika, Neothauma tanganyicense. Magamba ya ziwa hili yaliwasumbua watu akili kwa miaka mingi, maana baadhi yalifanana mno na ya konokono wa baharini. Mwanabiolojia wa Kiingereza John Moore alikuja mara mbili katika miaka ya 1890 akiamini kwamba Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichonaswa bara, akatetea hoja hiyo katika kitabu chake cha 1903. Alikosea. Lakini kosa lake liliwaletea wataalamu samaki: aliowakusanya walikabidhiwa kwa George Boulenger wa Makumbusho ya Uingereza, na makala ya Boulenger ya 1898 ndiyo iliyowafungulia wengine njia. Julidochromis ornatus, samaki mwembamba wa mistari anayependwa sana na wafugaji hadi leo, alipata jina lake mle.

Msafara wa tatu wa Waingereza, wa 1904 na 1905, uliongozwa na William Cunnington, ambaye aliikataa hoja ya bahari. Katika samaki aliorudi nao ndimo Boulenger alimotoa jina la multifasciatus, mwaka 1906. Kwa hiyo gamba na samaki wote walikuwa tayari wamefika London, kila mmoja kwenye kabati lake. Samaki aliyetiwa kwenye chupa ya spiriti haonyeshi alikuwa akilala wapi, na ilipita miaka mingi kabla ya wafugaji kuyaona kwa macho maisha yake ndani ya gamba.

Na maisha hayo ni ya ajabu. Maji ya Tanganyika yana madini mengi ya chokaa, pH yake inakaribia 9, kwa hiyo gamba la konokono aliyekufa haliyeyuki upesi. Magamba hurundikana chini kwa mamia ya miaka hadi yanakuwa uwanda mzima, na penye uwanda huo hakuna jiwe wala mmea wa kujificha. Multifasciatus wamejenga vijiji hapo. Kila jike ana magamba yake, hutaga ndani kabisa ambako adui hafiki, na watoto wakikua hawafukuzwi. Wanabaki jirani na mama zao. Mchanga huchotwa kwa mdomo, funda moja moja, hadi gamba linachomoza. Lamprologus ocellatus hufanya kinyume: hulifukia gamba lake mchangani na kuacha tundu tu la kuingilia. Halafu yupo Lamprologus callipterus, ambaye dume ana uzito wa zaidi ya mara kumi ya ule wa jike. Huyu huokota magamba kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja ili majike waje kutaga, na akiiba kwa jirani huweza kubeba gamba pamoja na jike aliyemo.

Aliyewafikisha samaki hawa kwa wafugaji kwa wingi ni Mbelgiji Pierre Brichard. Majina ya samaki yanatunza safari yake: Teleogramma brichardi na Synodontis brichardi, wote wa 1959, ni wa maporomoko ya mto Kongo, alikoanzia kazi. Mwaka 1971 alianzisha Bujumbura kampuni ya Fishes of Burundi, na mwaka 1974 Max Poll, mtaalamu aliyekuwa kwenye msafara wa Kibelgiji wa ziwani wa 1946 na 1947, akatoa jina la brichardi kwa samaki wawili wa Tanganyika. Vitabu vya Brichard, cha 1978 na kile kikubwa cha 1989, vilisomwa na wafugaji kama mwongozo wa ziwa. Ninamheshimu kwa hilo. Lakini nyuma ya kila pakiti ya samaki iliyopanda ndege walikuwepo wapiga mbizi wa Burundi, Zaire, Tanzania na Zambia, watu waliojua mwamba gani una samaki gani. Majina yao hayakuingia katika jina la samaki yeyote ninayemkumbuka, na hilo ni deni.

Huko Ulaya samaki hawa walikuta watu waliozoea mambo mengine. Sikilidi wadogo waliojulikana zaidi walikuwa Apistogramma wa Amerika ya Kusini, wanaotaka maji laini yenye uchachu kidogo, ilhali maji ya bomba ya miji mingi ya Ujerumani ni magumu kwa chokaa. Kwa mfugaji wa Apistogramma hiyo ilikuwa adha. Kwa samaki wa Tanganyika ilikuwa ni nyumbani. Tena kulikuwa na tatizo kongwe la tangi la mchanganyiko, lile la samaki wa aina nyingi pamoja: wazazi hutaga vizuri, lakini usiku majirani humaliza mayai na watoto. Wafugaji wengi walilazimika kuwahamishia wazazi kwenye tangi lao peke yao. Gamba liliondoa ulazima huo. Anayeweka mchanga laini upande mmoja, magamba juu yake, mawe upande wa pili kwa ajili ya Julidochromis, na kuacha maji ya katikati kwa kundi la Cyprichromis, anaweza kuona watoto wa multifasciatus wakichungulia nje bila yeye kugusa kitu. Kazi yake ni kuwapa uduvi wachanga walioanguliwa siku hiyo, na kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Asiweke kambare wa kutambaa usiku, wala samaki mwenye mdomo wa kumeza kitu cha sentimita 3.

Ufugaji huu ulizaa elimu pia. Mwaka 1981 Michael Taborsky na Dominique Limberger walichapisha uchunguzi wao juu ya mmoja wa wale brichardi wawili wa Tanganyika: watoto wakubwa hubaki na kusaidia kulinda mayai ya wadogo zao, jambo ambalo watu walilijua zaidi kwa ndege na wanyama. Samaki aliyekubali kuzaa kwenye kioo aliwapa watafiti nafasi ya kumtazama kwa muda ambao mpiga mbizi hana.

Siku hizi multifasciatus wengi wanaouzwa wamezaliwa kwenye matangi, na nyumba zao mara nyingi si za Neothauma, bali ni magamba ya konokono wa kuliwa wa Ulaya, yaliyotoka jikoni yakachemshwa. Hilo limelipunguzia ziwa mzigo. Hatari iliyobaki iko huku kwetu. Kuanzia Bujumbura kuteremka hadi Kigoma, vilima vilivyokatwa miti huporomosha udongo kila masika, na mito huushusha ziwani juu ya mchanga na magamba. Samaki wa sentimita 4 anaweza kuchimbua gamba lililofukiwa na mchanga. Lililofunikwa na tope zito hawezi.